LESONI YA 8: Kuondoa na Kujaza

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 1:29, Kutoka 16:22, 23, Mambo ya Walawi 2:1-7, 1 Wafalme 17:8-16, Danieli 1:8-16, Mathayo 12:43-45, Luka 11:9-13, Warumi 14:1-19.

Fungu la Kukariri: Warumi 14:19. Likaririwe kutoka katika Biblia ya kila mwanafunzi.

Ibada ya mahubiri imekwisha. Katika makanisa mengi washiriki hawaondoki mara moja. Mikeka inatandikwa chini ya mti, au meza zinapangwa nyuma ya kanisa, na kila familia inaleta ilichopika Ijumaa. Kuna wali, maharage, mchicha, ndizi, na mwishoni keki au mkate wa mchele. Ndipo swali moja huulizwa, mara nyingine kwa sauti ya chini na mara nyingine kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Hii ina mayai?"

Swali hilo huulizwa kwa nia mbili. Mmoja anauliza kwa sababu hatumii mayai na anataka kujua atakula nini. Mwingine anauliza kwa sababu anataka kujua aliyepika ni Mwadventista wa namna gani. Nia ya kwanza inahitaji jibu la jikoni: je, keki au mchanganyiko wa mboga unaookwa unaweza kushikamana na kuumuka bila yai? Nia ya pili inahitaji jibu la Maandiko.

Juma hili majibu yote mawili yatatafutwa, kwa sababu yanahusiana. Mpishi akitoa yai katika keki asiweke kitu mahali pake, keki inavunjika mkononi. Mwamini akitoa chakula mezani kwa ndugu yake asiweke kitu mahali pake, kinachovunjika ni zaidi ya keki.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Mkate Usio na Yai

Soma Mambo ya Walawi 2:1-7 na 1 Wafalme 17:8-16. Ni vitu gani vilivyotumika kutengeneza mikate inayotajwa hapo?

Sadaka ya unga iliandaliwa kwa njia tatu: ikiwa imeokwa tanuri, imepikwa juu ya bamba la chuma, au imepikwa katika kikaango. Katika njia zote tatu vitu vikuu ni vile vile: unga laini na mafuta. Mjane wa Sarepta naye hakuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa na unga wa kujaza kiganja na mafuta kidogo chupani, na kwa hivyo viwili Bwana aliilisha nyumba yake na nabii Eliya siku nyingi. Mkate wa Biblia, kwa sehemu kubwa, ulipikwa bila yai. Hii haimaanishi kwamba yai lilikatazwa. Inamaanisha tu kwamba anayeoka bila yai leo hajaanzisha jambo geni; anarudi kwenye njia ya zamani kuliko keki za siku hizi.

Soma Luka 11:9-13. Yesu anamtaja baba anayeombwa yai na mwanawe, naye hawezi kumpa nge. Yai katika mfano huo ni kitu chema ambacho baba mwenye upendo humpa mtoto wake. Sheria ya Musa nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, inaruhusu mtu aliyekuta kiota kuchukua makinda au mayai, lakini inamwamuru amwache mama aende zake. Hapo kuna ruhusa, na kuna mpaka unaotokana na huruma.

Kuna fungu moja zaidi linalohusu yai, na wafasiri hawakubaliani juu yake. Katika Ayubu 6:6 Ayubu analalamika juu ya chakula kisicho na ladha. Tafsiri nyingi za zamani zinasema anataja ute wa yai. Tafsiri nyingine zinasema anataja ute wa mmea fulani wenye utelezi. Neno la Kiebrania ni adimu, na ndiyo sababu ya kutofautiana. Kila aliyepika bamia anaelewa jinsi vitu hivyo viwili vinavyoweza kufanana. Kufanana huko kutakuwa na maana tutakapofika jikoni.

Kwa hiyo Biblia haimweki mla yai katika kundi la wanaokula vyakula najisi. Wala Mwanzo 1:29 haisahauliki: chakula cha kwanza alichopewa mwanadamu kilitoka katika mimea yenye mbegu na miti yenye matunda. Mwamini anayechagua chakula cha mimea pekee anaelekea Edeni. Hata hivyo, safari hiyo haimpi haki ya kumhesabia dhambi mwenzake ambaye Yesu hakumhesabia.

Je, kuna chakula ambacho umekuwa ukikisema kuwa ni dhambi, na hujawahi kutafuta Maandiko yanasema nini juu yake?

JUMATATU: Nyumba Iliyofagiliwa

Soma Mathayo 12:43-45. Nyumba ile ilikuwa na kasoro gani, hali ilikuwa imefagiliwa na kupambwa?

Pepo mchafu ametoka. Nyumba ni safi. Kasoro yake ni moja: ni tupu. Kwa kuwa hakuna aliyeingia kukaa mahali pa aliyetoka, pepo yule anarudi na wengine saba, na hali ya mwisho inakuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Yesu aliyasema haya juu ya kizazi kilichojua kuondoa na hakikutaka kumpokea yeye. Kanuni yake inagusa kila aina ya matengenezo, yakiwemo matengenezo ya afya. Mabadiliko yanayoishia kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa hayadumu.

Jiko linaonyesha kanuni hii waziwazi. Yai moja bila ganda lina uzito wa karibu gramu 50, na robo tatu yake ni maji. Ndani ya maji hayo mna takriban gramu 6 za protini, na mafuta yaliyomo kwenye kiini. Linapotiwa katika bakuli la mpishi hufanya kazi tatu.

Kwanza, hushikamanisha. Joto likipita kidogo nyuzi 60 za Selsiasi, ute unaanza kuganda na kuvifunga vilivyo pembeni yake. Ndiyo maana viazi, mboga na maharage yaliyookwa pamoja katika bakuli moja hukatika vipande vizuri badala ya kumwagika kwenye sahani.

Pili, huumusha. Ute ukipigwa hushika mapovu ya hewa, na hewa hiyo ikipata joto hupanuka na kuinua keki.

Tatu, huleta unyevu na ulaini, na kiini husaidia maji na mafuta kuchanganyika.

Mpishi anayetaka kuondoa yai lazima kwanza ajiulize: katika chakula hiki, yai lilikuwa linafanya kazi ipi? Akikosea hapo, mbadala wake hautafaa. Ndizi iliyopondwa italeta unyevu katika keki, lakini haiwezi kushikilia mkate wa maharage. Unga wa dengu utaushikilia mkate wa maharage, lakini peke yake hauwezi kuinua keki. Na viko vyakula ambavyo yai ndilo chakula chenyewe. Mkate wa mayai wa pwani, ambao huumuka kwa mayai yaliyopigwa muda mrefu na sukari, hauna mbadala wa kweli. Afadhali mpishi achague kuoka kitu kingine kuliko kulazimisha.

Mzazi, mwalimu wa darasa la ubatizo na mzee wa kanisa wanahitaji swali lilo hilo. Kijana anapoambiwa aache kwenda mahali fulani, mahali hapo palikuwa pakimfanyia kazi gani? Palimpa marafiki? Palimpa heshima? Kanisa litamwekea nini?

Taja jambo moja ambalo familia yako iliacha kwa ajili ya Kristo. Ni nini kilichowekwa mahali pake?

JUMANNE: Siku ya Maandalio

Soma Kutoka 16:22, 23. Bwana aliagiza nini juu ya kuoka na kutokosa siku ya sita?

Agizo halikuwa kwamba watu wale kidogo siku ya Sabato. Waliagizwa kuoka na kutokosa mapema, ili Sabato iwakute wameshiba na wamepumzika. Maandalio mazuri ni sehemu ya utunzaji wa Sabato, na anayejua kupika vizuri bila yai ana kitu cha kuwaletea ndugu zake siku hiyo. Vipimo vifuatavyo ni vya kuchukua nafasi ya yai moja.

Kwa kushikamanisha: chukua kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za kitani au za chia zilizosagwa, changanya na vijiko vitatu vya maji, uache kwa dakika 10. Mchanganyiko utakuwa na utelezi kama ute wa yai. Mahali pasipopatikana mbegu hizo, unga wa dengu, ule unaotumika kwa bajia, hufanya kazi hiyo vizuri: vijiko vitatu vya unga na vijiko vitatu vya maji, vikorogwe mpaka mabonge yaishe.

Kwa unyevu: robo kikombe cha ndizi mbivu, boga au kiazi kitamu kilichopondwa. Ndizi huacha ladha yake, kwa hiyo inafaa vyakula vitamu. Kiazi kitamu na boga vinafaa pande zote mbili.

Kwa povu: maji yaliyochemshiwa dengu nzima. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji ya aina hiyo yakipigwa hutoa povu linalofanana na la ute wa yai. Mwaka 2015 Mmarekani Goose Wohlt aliendeleza jambo hilo, na maji hayo yakapewa jina aquafaba. Vijiko vitatu vya mezani hutosha mahali pa yai moja. Yakiwa mepesi mno, yachemshwe tena bila mfuniko mpaka yawe mazito.

Kwa kuumusha: wengi hutumia beking soda pamoja na siki. Wasomaji wa Roho ya Unabii watakumbuka kwamba Ellen White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, alishauri mikate isitiwe soda wala beking pauda. Kwa wanaoufuata ushauri huo njia haijafungwa, kwa kuwa hamira ipo. Mkate wa mchele wa kumimina ni mfano mzuri: mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, iliki na hamira. Wapishi wengine huuongezea ute wa yai, wengine hawaongezi, nao huumuka kwa nguvu ya hamira.

Mfano wa chakula cha kuoka cha chumvi: vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa na kupondwa, kikombe kimoja cha chenga za mkate mkavu, nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, karoti moja iliyokwaruzwa, kitunguu kilichokaangwa, chumvi na kotimiri. Mahali pa mayai mawili tia vijiko sita vya unga wa dengu vilivyokorogwa na vijiko sita vya maji. Shindilia katika chombo kilichopakwa mafuta na uoke kwa nyuzi 180 muda wa dakika 45 hivi. Asiye na oveni atatumia sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Kisha jambo ambalo wengi hulikosea: usikate mara moja. Uache dakika 15. Vinavyoshikamanisha bila yai hukaza vinapopoa, na anayekata kwa haraka hudhani mapishi yameharibika.

Je, maandalizi ya Ijumaa nyumbani kwako yanawasaidia wote kupumzika, au yanamchosha mtu mmoja? Familia inaweza kubadili nini?

JUMATANO: Ombi la Danieli

Soma Danieli 1:8-16. Danieli alikataa nini, na aliomba nini?

Watu hukumbuka kukataa kwa Danieli kuliko ombi lake. Aliazimu moyoni kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme, lakini hakukaa na sahani tupu. Aliomba apewe kitu kingine. Biblia ya Union inataja mtama. Neno la Kiebrania lina maana pana ya vyakula vitokanavyo na mbegu. Aliweka pia muda wa kupima, siku kumi, na akakubali kwamba matokeo yaonekane katika miili yao. Alifanya hayo yote kwa adabu, akimwomba msimamizi wala si kumshutumu. Kama Danieli na wenzake wangedhoofika kwa kutokula, ushuhuda wao ungekwisha siku ya kumi.

Historia ya Waadventista ina mfano wa upande wa pili. Daktari Daniel H. Kress na mkewe, Daktari Lauretta Kress, walikuwa wamishonari wa matibabu huko Australia mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari Kress aliyashika matengenezo ya afya kwa bidii kubwa, akaondoa vyakula vingi bila kuweka vya kutosha mahali pake. Damu yake ilipungua na akaugua sana. Mwaka 1901 Ellen White alimwandikia akimsihi abadili mwendo. Alimshauri apate mayai ya kuku wenye afya, ayatumie yakiwa yamepikwa au mabichi, na hayo mabichi ayatie katika maji ya zabibu yasiyochachuka. Daktari Kress alitii. Alipona, akaendelea kuhudumu, na aliishi zaidi ya miaka 50 baada ya barua ile. Siku hizi wataalamu wa afya hushauri mayai yapikwe yakaive kwa sababu ya vijidudu, lakini kanuni ya barua inabaki: mwili ulihitaji kujazwa kilichopungua.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya mapishi husahau kulisema. Mbadala wa yai hujaza kazi ya yai katika bakuli. Haujazi chakula cha yai katika mwili. Robo kikombe cha ndizi haifikishi hata gramu moja ya protini. Kwa hiyo anayeacha mayai na apange mahali pengine pa kupata protini: maharage, dengu, kunde, choroko, soya, karanga. Zaidi ya hayo, mayai na maziwa ni chanzo cha vitamini B12 kwa wasiokula nyama, na vyakula vya mimea havina vitamini hiyo kwa kiasi cha kutegemewa. Akiba iliyo kwenye ini inaweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana mtu hujiona mzima kwa muda mrefu kabla ya uchovu, ganzi ya mikono na miguu, na upungufu wa damu kujitokeza. Anayekula mimea pekee anahitaji vyakula vilivyoongezwa B12 au vidonge vyake. Mama mjamzito na anayenyonyesha analihitaji hili kuliko wote, kwa kuwa upungufu wake humfikia mtoto.

Danieli alikubali kupimwa. Mwamini wa leo asione haya kupima damu yake na kumsikiliza mhudumu wa afya. Imani yake haipungui kwa kufanya hivyo.

Je, uliwahi kumshauri mtu aache chakula fulani? Ulimsaidia kwa vitendo kupata kingine, au uliishia kwenye kushauri?

ALHAMISI: Meza Moja

Soma Warumi 14:1-4, 13-19. Paulo anamwonya kila upande juu ya kosa gani?

Waadventista huelewa kwamba fungu hili haliondoi tofauti ya wanyama safi na najisi iliyo katika Mambo ya Walawi 11. Suala la Rumi lilikuwa lingine. Kulikuwa na waamini waliokula mboga tu, na kulikuwa na waliokula kila kitu, na kula kwao pamoja kuligeuka kuwa ugomvi. Paulo hakuandika sura hii ili kufundisha mapishi, wala hawapingi watu wa mboga. Anachoshughulikia ni namna wanavyotazamana.

Katika aya ya 3 anataja makosa mawili tofauti. Yule anayekula anaelekea kumdharau asiyekula: anamcheka, anamwita mshika sheria, anamtania mbele ya wageni. Yule asiyekula anaelekea kumhukumu anayekula: anampima utakatifu kwa sahani yake. Paulo anawanyamazisha wote wawili kwa sababu moja. Mungu amekwisha kumpokea mwenzako. Wewe ni nani hata umkatae mtumishi asiye wako?

Fikiria mwanamke aliyebatizwa makambi yaliyopita. Anafuga kuku wachache, na mayai ndiyo chakula cha heshima anachoweza kuleta mezani. Amepika keki yake ya kwanza kwa ajili ya Sabato. Mtu anaonja, anauliza, kisha anairudisha sahani mbele ya wote na kueleza sababu. Huenda kila alilosema juu ya afya lilikuwa kweli. Lakini dada yule anabeba keki yake nyumbani ikiwa karibu nzima, na Sabato inayofuata hajitokezi. Aya ya 15 inauliza uzito wa chakula ukilinganishwa na mtu ambaye Kristo alimfia.

Fikiria na upande wa pili. Kijana ameacha mayai na maziwa kwa dhamiri yake, au kwa sababu mayai humdhuru mwilini. Kila chakula cha pamoja anakuta kila kilichookwa kimetiwa mayai, na anaambiwa, "Chukua tu, hata Yesu alitaja yai." Anakula wali mtupu na kuondoka mapema. Naye amehukumiwa, ingawa kwa mzaha.

Kwa makanisa yenye hali hizi mbili, ujuzi uliosomwa Jumanne unageuka kuwa huduma. Idara ya Afya na Kiasi inaweza kufundisha akina mama na akina baba kuoka chakula kimoja kisicho na yai ambacho kila mtu atakifurahia. Mashemasi wa kike wanaweza kuweka karatasi ndogo mbele ya kila chombo ikitaja vilivyomo, ili asiwepo wa kuhoji wala wa kuhojiwa. Karatasi hiyo humlinda pia mwenye mzio wa mayai au wa karanga, ambaye kosa dogo linaweza kumfikisha hospitalini. Na anayetaka kumshawishi mwenzake apunguze mayai, na ampelekee kwanza kipande cha mkate mzuri aliooka mwenyewe.

Ni nani katika kanisa lako anayeondoka kabla ya chakula cha pamoja? Je, umewahi kumuuliza sababu?

IJUMAA: Kujifunza Zaidi

Tarehe 6 Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen White alipewa njozi kuhusu afya iliyokuwa chanzo cha mafundisho ya Waadventista juu ya mwili kama hekalu la Mungu. Miaka mitatu baadaye kanisa lilifungua taasisi yake ya kwanza ya afya huko Battle Creek. Katika miaka iliyofuata aliandika mengi juu ya mayai, na maandishi hayo yakisomwa kwa vipande yanaweza kuonekana kugongana. Kwa familia moja yenye watoto alishauri mayai yasiwekwe mezani kwao. Kwa Daktari Kress alishauri ayatumie. Aliandika pia kwamba wakati utakuja ambapo magonjwa ya wanyama yatayafanya mayai na maziwa yasiwe salama, na kwamba watu wafundishwe mapema kupika bila hivyo.

Mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 81, alizungumza juu ya uaminifu katika matengenezo ya afya mbele ya wajumbe wa mkutano wa Konferensi Kuu mjini Washington. Hapo alieleza kwamba maziwa, siagi na mayai havipaswi kuwekwa daraja moja na nyama, kwamba haikuwa wakati wa kuamuru viachwe kabisa, na kwamba maskini wanaotegemea vyakula hivyo wasitwikwe mzigo kabla ya kupata vingine. Alitaka matengenezo yasonge hatua kwa hatua. Anayelinganisha ushauri wote ataona kwamba kila mara mjumbe wa Bwana alitazama ni nani anayekula, yuko wapi, ana uwezo gani, na kitu gani kinaweza kuwekwa mahali pa kinachoondolewa.

Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Loma Linda kilianza utafiti mkubwa wa afya ya Waadventista wa Marekani na Kanada, uliokusanya watu wapatao 96,000. Katika uchambuzi mmoja wa utafiti huo, karibu watu 8 katika kila 100 hawakutumia kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, na karibu 29 hawakula nyama ila walitumia mayai au maziwa. Wengine walikula samaki au nyama kwa viwango mbalimbali. Hao wote walikuwa washiriki wa kanisa moja, wakiitunza Sabato moja na kumngojea Bwana mmoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, linganisheni Danieli 1:8-16 na Warumi 14:1-4. Danieli hakulegea, na Paulo anakataza kuhukumu. Mtu mmoja anawezaje kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja?

2. Mtu akisema, "Siwezi kula ulichopika, kwa sababu mimi ninafuata matengenezo ya afya," angeweza kusema nini badala yake bila kuvunja dhamiri yake wala moyo wa aliyepika?

3. Mathayo 12:43-45 inasaidiaje kanisa linalowapokea watu walioacha pombe, tumbaku au biashara isiyofaa? Taja vitu vitatu ambavyo kanisa lenu linaweza kuviweka mahali pa vilivyoachwa.

4. Katika eneo lenu, mwenye kipato kidogo akiacha mayai atapata protini na vitamini B12 kutoka wapi? Kama hakuna jibu, ni haki kumshauri ayaache?

5. Pangeni chakula cha pamoja cha Sabato moja katika robo hii. Kila kikundi kioke chakula kimoja kisicho na yai, na kila chombo kiwekewe karatasi ya kutaja vilivyomo. Mwalikeni kwa jina yule ambaye huwa anaondoka mapema.